Mtoto Alale Vipi? Maswali Yenu Kuhusu Usingizi wa Kichanga

Toleo lililopita tuliandika mstari mmoja tu: mtoto mchanga alazwe chali, mahali pake mwenyewe, juu ya godoro lisilobonyea, uso ukiwa wazi. Mstari huo umeleta barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua zile zinazogusa nyumba nyingi za Dar es Salaam na kuzifupisha.

Mtoto wangu wa kwanza ana wiki tano na anacheua sana. Mimi namlaza chali, mama mkwe akipita anamgeuza kifudifudi, anasema maziwa yatampalia. Usiku ni wangu, mchana ni wake. Nani ana haki?
*Mama wa Mbagala*

Wewe. Ila usimdharau mama mkwe, maana hofu yake si ya kijinga: anaona maziwa yakitoka mdomoni, anawaza yatarudi kumziba pumzi. Kinachohitaji kueleweka ni jinsi koo lilivyopangwa. Njia ya hewa iko mbele, upande wa kifua, na njia ya chakula iko nyuma yake, upande wa mgongo. Mtoto akilala chali, ya hewa inakuwa juu na ya chakula inakuwa chini. Maziwa yakirudi kutoka tumboni yangelazimika kupanda mlima ndipo yaingie kwenye hewa. Badala yake anayameza tena au yanamtoka pembeni mwa mdomo. Mgeuze kifudifudi, na sasa njia ya chakula ndiyo iko juu. Maziwa yakirudi yanashukia pale pale penye mlango wa hewa. Kwa hiyo anayecheua sana ndiye hasa wa kulazwa chali.

Kifudifudi kuna mambo mengine pia. Pua ikizama kwenye shuka au godoro laini, mtoto anavuta tena hewa ile ile aliyoitoa, na oksijeni inapungua taratibu bila kelele yoyote. Mwili unapata joto zaidi. Usingizi unakuwa mzito, ndiyo maana wengi husema "kifudifudi analala vizuri", na uzito huo wa usingizi ndio unaotutia wasiwasi, kwa sababu mtoto mchanga anatakiwa aweze kushtuka pumzi ikimpungua. Ubavu nao si njia ya katikati. Mtoto wa wiki tano akilazwa kiubavu anabaki nusu hatua tu kufika kifudifudi, na kanga iliyoviringishwa nyuma ya mgongo haimzuii, inaongeza kitambaa cha kumziba.

Kubadilishana zamu kama mnavyofanya ni kubaya zaidi. Mtoto aliyezoea kulala chali, siku akilazwa kifudifudi, yuko katika hatari kubwa ya kufa ghafla usingizini kuliko yule aliyezoea kifudifudi tangu mwanzo. Nyumba nzima ichague mlalo mmoja, usiku na mchana, hata usingizi wa robo saa.

Kuhusu kucheua: mcheulishe hewa ukimaliza titi la kwanza, halafu tena ukimaliza la pili, akiwa wima begani dakika 10 hadi 15. Hewa isipotoka katika muda huo, mlaze tu. Si lazima umpigepige mgongo mpaka alie. Usiinue upande wa mchagoni kwa mto au tofali chini ya tendegu. Mtoto anateleza, kidevu kinagusa kifua, na shingo yake fupi inajikunja na kubana hewa. Marekani mwaka 2022 walipiga marufuku kwa sheria vitanda vya watoto vilivyoinama zaidi ya nyuzi 10, kwa sababu hiyo hiyo. Kiti cha kubembea nacho ni cha kukalia akiwa macho.

Kucheua maziwa meupe huku mtoto anaongezeka uzito hakuhitaji dawa. Nenda hospitali anapotapika rangi ya kijani au damu, au anaporusha matapishi mbali kila baada ya kunyonya huku uzito umesimama. Hilo la mwisho hujitokeza zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 6, umri wa mwanao.

Na mama mkwe? Mwombe akusindikize siku ya kupima uzito, umwulize nesi swali hili mbele yake. Neno la nesi litafika mahali ambapo la mkamwana haliwezi kufika. Kisha mpe kazi ya kumlaza mtoto kifudifudi *akiwa macho*, maana hiyo mtoto anaihitaji, kama tutakavyomweleza bibi anayefuata.

Wanangu saba niliwalaza kifudifudi na wote ni watu wazima. Leo mjukuu wangu analazwa chali kutwa kucha, kisogo kimeanza kuwa bapa. Nilimpelekea mto mdogo wa sufi wa kutengenezea kichwa, mama yake ameufungia kabatini. Kosa langu nini?
*Bibi wa Magomeni*

Shikamoo bibi. Huna kosa. Ulifanya lililokuwa likifundishwa: hata hospitali za Ulaya na Marekani zilishauri kulaza kifudifudi kwa miaka mingi. Ushauri ulianza kugeuka mwishoni mwa miaka ya 1980. Waholanzi waligeuza mwaka 1987, Waingereza wakafanya kampeni yao mwaka 1991, madaktari wa watoto wa Marekani wakatoa tamko mwaka 1992 na kampeni ikafuata mwaka 1994. Katika nchi hizo vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilishuka kwa takriban nusu au zaidi ndani ya miaka kama kumi, na kilichobadilika kwa sehemu kubwa ni mlalo.

Ni kweli kwamba wengi waliolala kifudifudi walikua. Hatari hii haimpati kila mtoto. Shida ni kwamba anayepatwa hana dalili jioni: amenyonya, amecheka, amelala. Wengi wanaopatwa wako kati ya mwezi wa 1 na wa 4, na wachache sana baada ya mwezi wa 6.

Kisogo sasa. Ubapa unatokana na fuvu laini kukaa sehemu moja muda mrefu, na mara nyingi hujirekebisha mtoto anapoanza kukaa na kutambaa. Kuna kazi tatu ambazo tungependa uzishike wewe. Kwanza, leo kichwa kielekee mchagoni, kesho kielekee miguuni; mtoto hupenda kutazama mlango, mwanga au upande alipo mama yake, kwa hiyo atageuza shingo upande mwingine bila kushurutishwa. Pili, akiwa macho mlaze kifudifudi mkekani au juu ya kifua chako, dakika 3 hadi 5, mara 2 au 3 kwa siku, ukimwangalia muda wote. Ongeza taratibu mpaka ifike dakika 15 hadi 30 kwa siku anapokaribia miezi 2. Atalalamika, shingo inafanya kazi. Akianza kusinzia, mgeuze chali. Tatu, mbebe. Kichwa kilichoko begani kwa bibi hakigusi godoro.

Mto wa sufi ubaki kabatini mpaka apite mwaka. Sufi inabonyea, kichwa kinazama, uso ukigeuka kidogo pua inakutana na foronya. Ukiona anageukia upande mmoja tu na shingo ni ngumu kugeuzwa, au ubapa ni wa upande mmoja na unaongezeka, apelekwe kliniki mapema, kwa sababu mazoezi ya shingo hufanya kazi vizuri zaidi kabla hajafika miezi 6.

Tunaishi chumba kimoja Manzese. Kitanda ni tano kwa sita: baba, mimi, mkubwa wa miaka mitatu na kichanga cha mwezi mmoja, neti moja. Kitanda cha mtoto hatuna hela wala pa kukiweka. Na mwenzangu mwisho wa wiki hurudi amekunywa. Tufanyeje?
*Mama wa wawili*

Nusu ya ushauri mnaufuata tayari. Mtoto anatakiwa alale chumba kimoja na wazazi angalau miezi 6 ya mwanzo, na wenye nyumba za vyumba vitano huwa tunahangaika kuwashawishi. Kilichobaki ni kumtafutia mahali pake ndani ya chumba hicho.

Anayepaswa kuhama kwanza ni mkubwa. Mtoto wa miaka mitatu hulala kama samaki aliyetolewa majini. Mguu wake ukimwangukia kichanga usoni hatajua. Mtafutie godoro la nchi 3 au 4 juu ya mkeka. Wauza sponji wengi hukata kwa kipimo, na kipande cha futi 2 kwa 4 kinaingia uvunguni asubuhi. Siku baba amekunywa, baba ndiye analala chini na mkubwa. Kubalianeni mchana, akiwa mzima, wala msisubiri saa sita ya usiku mkiwa mlangoni. Aliyekunywa hasikii mtoto akihangaika chini ya mkono wake. Hali ni hiyo hiyo kwa aliyemeza dawa ya kusinziza, ikiwemo ile ya mafua inayoleta usingizi.

Kichanga ana njia mbili. Iliyo bora ni godoro lake dogo, sakafuni kando ya kitanda upande wako, kiasi cha kumfikia kwa mkono. Shuka moja lililochomekwa chini na kubana. Hakuna mto, blanketi zito, mdoli wala mfuko wa nailoni karibu. Kama godoro ni jipya, toa nailoni yote liliyokuja nayo, hata kama mwenye duka anasema inazuia mkojo; ikimganda usoni haitoki. Kama chumba chenu huingiza maji wakati wa masika, au panya wanapita, sakafu haifai. Hapo boksi gumu la katoni lenye kitako bapa, lililowekwa juu ya kitu kipana kisichotikisika na kilicho chini chini, linatosha mpaka mtoto aanze kujigeuza. Si aibu: Finland ilianza kuwapa wazazi wa kipato kidogo kifurushi cha mtoto mwaka 1938, na tangu 1949 wazazi wote, nacho huja katika boksi lenye godoro dogo. Beseni la plastiki tusilitumie, maana kuta zake zinateremka na mtoto anajikunja katikati.

Njia ya pili ni kulala naye, na tunaisema wazi kwa sababu tunajua wengi mtalala naye. Usifanye hivyo kabisa kama alizaliwa kabla ya wiki 37 au chini ya kilo 2.5, au kama wewe au mwenzako anavuta sigara, hata kama anavutia nje. Katika miezi 4 ya mwanzo hatari bado ni kubwa hata kwa wengine. Ikibidi, shusheni godoro chini, lisiguse ukuta. Pengo kati ya godoro na ukuta ndipo watoto wanaponasa. Kulijaza kanga hakusaidii kwa sababu kanga zinasogea na godoro la sponji linateleza. Wewe lala ubavu ukimtazama, magoti yamekunjwa chini ya miguu yake, mkono wa chini umepita juu ya kichwa chake. Ukilala hivyo huwezi kumlalia kirahisi. Yeye awe chali, usawa wa titi, mbali na mito yenu, na baba awe nyuma yako, si upande wake.

Pima godoro kabla ya usiku huu. Lala mahali pako pa kawaida, weka chungwa pale anapolala mtoto. Likibingirika kukufuata, godoro limebonyea na mtoto atakufuata vile vile. Ligeuze upande wa pili au vuta mahali pengine penye usawa.

Kochi, hapana. Hilo halina masharti. Mama anayenyonyesha saa tisa usiku kwenye kochi akasinzia, mtoto huteremka kati ya mto wa kochi na ubavu wake, na hakuna wa kumwona. Ukijihisi usingizi umekubana, bora ukanyonyeshee juu ya godoro lililoandaliwa kuliko kwenye kochi.

Kwa wale wanaoagiza kitanda kwa mafundi wa Keko: nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6. Chukua kopo la soda. Likipita, kichwa au mwili wa mtoto unaweza kupita na kunasa. Kati ya godoro na mbao visipite vidole viwili. Na ile mito mirefu ya kuzungushia pembeni ambayo fundi atakuuzia kwa sababu ya urembo, mwachie.

Nyumba yetu ni ya bati, Januari hapalaliki. Mama yangu anamvalisha mtoto wa miezi miwili sweta, kofia na soksi usiku, kisha anamfunga kanga mbili, na feni hataki kabisa. Anasema atapata kichomi.
*Msomaji wa Tandika*

Kichomi, yaani nimonia, huletwa na vijidudu. Upepo wa feni hauna vijidudu, na moshi wa jiko unamdhuru mapafu kuliko feni. Joto kupita kiasi, kwa upande mwingine, ni mojawapo ya mambo yanayohusishwa na vifo vya ghafla usingizini, na kichwa cha mtoto ndicho dirisha lake kubwa la kutolea joto. Kofia ndani ya nyumba linafunga dirisha hilo.

Mwezi Januari usiku, ikiwa wewe unalala na dera jepesi na bado unatoka jasho, mtoto anatosha na pampasi na kifulana cha pamba. Usiku wa joto kali pampasi peke yake. Wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, ongeza nguo moja nyepesi yenye mikono. Usipime kwa viganja na nyayo, kwani hivyo huwa baridi kwa watoto wengi na ndivyo vinavyowadanganya mabibi. Ingiza mgongo wa vidole vyako nyuma ya shingo yake: pakiwa pakavu na vuguvugu yuko sawa, pakiwa na jasho, mvue. Vipele vya joto shingoni na kwapani ni taarifa hiyo hiyo iliyochelewa.

Feni iwe ya kuzunguka, mwendo mdogo, mita 2 kutoka kwake, isimpige usoni moja kwa moja. Waya usipite karibu na godoro. Umeme ukikatika au LUKU ikiisha, mvue, fungua dirisha lenye wavu, mfute kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu na umnyonyeshe mara nyingi zaidi. Maji ya kunywa hapana, hata kijiko, kabla ya miezi 6. Maziwa yana maji ya kutosha. Joto la mwili likisoma 38 au zaidi na mtoto hajafika miezi 3, hilo si la kumvua nguo na kusubiri, ni la hospitali saa hiyo hiyo.

Kanga moja nyepesi inatosha kumfungia, ikiishia chini ya mabega, mabega yenyewe yawe nje. Miguu iachwe ikunjike na kutanuka kama chura. Kuinyoosha na kuifunga sambamba kunaharibu viungo vya nyonga. Aliyefungwa alazwe chali tu. Siku ya kwanza unapomwona akijitahidi kujipindua, kufunga kumekwisha, hata kama ana miezi 2 na nusu.

Anayesamehewa ni mtoto njiti au aliyezaliwa na uzito mdogo. Huyo hupoteza joto haraka, anahitaji kofia na kifua cha mama, na fuata walivyokuelekeza wodini.

Neti ndogo za mwamvuli zinazouzwa Kariakoo zinafaa?
*Mama wa Kigogo*

Mchana, ndiyo, kama zina mashiko na mtoto hazifikii kwa mkono. Udhaifu wake ni huu: nyingi hazina dawa, na mtoto akiegemea wavu mbu anamuuma kwa nje. Zikilegea vijiti, zinamwangukia usoni. Usiku alale ndani ya neti kubwa yenye dawa, ile inayotolewa kliniki. Ni salama kwa kichanga. Ikiwa mpya, ianike kivulini siku moja kwanza. Ichomeke chini ya godoro pande zote, na kamba za kufungia zisining'inie ndani.

Niko arobaini. Jioni chumbani huingizwa jiko la mkaa na chetezo cha udi, mimi na mtoto tunafukizwa mlango ukiwa umefungwa. Kuna ubaya?
*Mzazi wa Kurasini*

Upo. Mkaa unaowaka, hata usiotoa moshi, hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na chumba kilichofungwa hujaa hewa hiyo haraka. Watu wazima huanza kuumwa kichwa. Mtoto analala tu. Jiko lisilale chumbani hata kama linaonekana kuzimika. Ukipenda kufukiza, fukiza nguo na kanga, mtoto akiwa chumba kingine, kisha fungua madirisha mpaka moshi uishe ndipo arudi. Dawa ya mbu ya kuchoma iwe vivyo hivyo. Na hirizi au shanga za shingoni zivuliwe kila anapolala. Uzi unanasa na kunyonga.

Narudi kazini siku 84 za likizo ya uzazi zikiisha. Mtoto atabaki na dada wa kazi wa miaka 19 ambaye nyumbani kwao amelea wadogo zake wote kifudifudi. Nimwachie maagizo gani?
*Mama wa Sinza*

Likizo yako inaisha mtoto akiwa na wiki 12, katikati ya miezi yenye hatari kubwa, na analazwa na mtu mwingine kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo usimwachie maagizo ya mdomo asubuhi ya siku ya kwanza huku bajaji inakusubiri. Anza wiki 2 kabla. Mwache yeye amlaze, wewe ukitazama tu. Mweleze sababu ya koo tuliyoieleza juu, maana dada aliyeambiwa "usifanye" bila sababu atafanya mtoto akilia sana na wewe hupo.

Analala wapi mchana? Mara nyingi si kwenye godoro lake, ni sebuleni kwenye kochi, au mgongoni kwa mbeleko wakati dada anafua. Kochi likatazwe. Mbeleko inafaa kwa mtoto anayeshika shingo, pua na mdomo vikiwa wazi, uso ukigeukia pembeni. Dada anayeinama juu ya beseni ajiangalie kama kitambaa hakijapanda usoni. Akisinzia humo, ahamishiwe godoroni, chali. Asimfunike uso kwa kitenge kumkinga na nzi. Achungulie mara kwa mara, na simu aiweke mbali.

Mfundishe pia la kufanya akimkuta hapumui. Apige ukelele majirani waje, amlaze mtoto juu ya kitu kigumu, kichwa kikiwa sawa bila kukilaza nyuma sana. Afunike mdomo na pua ya mtoto kwa mdomo wake, apulize pumzi ndogo mara 2, kifua kiinuke. Kisha vidole gumba viwili katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu, mikono ikizunguka kifua, abonyeze kina cha sentimita 4, mara 30, kwa kasi ya zaidi ya moja na nusu kwa sekunde, halafu pumzi 2 tena. Aendelee hivyo hadi watu wafike na njiani kuelekea hospitali. Asimtikise, asimmwagie maji.

Dada yangu aliniambia nimpe mtoto kijiko cha piriton alale usiku mzima.
*Msomaji wa Gongo la Mboto*

Usimpe. Dawa hiyo na za jamii yake huwatia usingizi mzito watoto wadogo na zinaweza kupunguza pumzi. Kuamka kila saa 2 au 3 kunyonya ni afya ya mtoto wa miezi ya mwanzo, wala si ugonjwa. Kunyonyesha kwenyewe, hata miezi 2 tu, kunapunguza hatari ya kifo cha ghafla takriban kwa nusu.

Jirani alimpoteza mtoto usiku baada ya chanjo ya wiki ya 10. Nimeogopa kumpeleka wangu.
*Mama wa Tabata*

Pole kwa jirani. Chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zinaangukia umri ule ule ambao vifo hivi hutokea zaidi, kwa hiyo lazima baadhi vitokee karibu na siku ya chanjo. Tafiti zilizolinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa hazikuona chanjo ikiongeza hatari. Waliochanjwa walipatwa wachache kuliko wasiochanjwa. Mpeleke. Usiku huo akiwa na homa, mvalishe nguo nyepesi wala usimfunike zaidi.

Mwanangu ana miezi mitano. Namlaza chali, saa nane usiku namkuta kifudifudi. Nimeanza kuamka kila saa kumgeuza, kazini nasinzia.
*Baba wa Kimara*

Lala, baba. Kama anaweza kujigeuza mwenyewe kwenda na kurudi, anao pia uwezo wa kuinua kichwa na kutafuta hewa. Wewe kazi yako ni kumlaza chali kila anapoanza kulala, mpaka atimize mwaka. Atakavyojipanga baadaye ni juu yake. Kama anajua kwenda kifudifudi ila kurudi bado, mrudishe chali unapomkuta hivyo ukiamka kwa shughuli zako, na mpe muda zaidi wa kucheza sakafuni mchana ili ajifunze. Wiki hiyo hiyo kagua mambo mawili: kama bado anafungwa kanga, acheni leo, na kama alikuwa kwenye boksi au juu ya kitanda cha wazazi, ahame, maana anayejua kujigeuza anajua pia kufika ukingoni.